Kadi Niliyomgeuzia Maalim

Mwanangu, ilianza Jumatatu, siku ya kumi na moja ya Shaaban, saa nne na robo asubuhi. Saa nnaijua vizuri kwa sababu nilikuwa nnaitazama ile ya ukutani ili nisimtazame mtu. Mwaka ni huu huu wa 1970, na sisi hapa Maskati hatujatimiza hata miezi mitatu tangu tuje kutoka Unguja.

Najua nasaha ni kazi ya wazee wenye mvi na bakora. Mie nna miaka kumi na minane, sijaposwa, na wewe hujazaliwa. Lakini nimeona niliandike jambo hili sasa, lingali bichi, kwani najijua: nikizeeka ntalipamba. Ntajitia kuwa nilikuwa na akili tangu mwanzo. Basi kaa kitako, mwanangu, popote ulipo, nikwambie nilivyomkosea mtu aliyenitendea wema.

Nimepata kazi kwenye ofisi ya kampuni ya mafuta, nje ya mji. Gari yao hutuchukua asubuhi mlangoni pa Maskati. Ndani ya ofisi mna chumba kimoja cha baridi, hata mtu huvaa sweta kama yuko Ulaya, na humo mna kompyuta, kubwa kama makabati matatu yaliyosimama bega kwa bega. Ni mashine ya kupiga hesabu. Kila agizo unalotaka ilifuate unalitoboa kwenye kadi ya karatasi ngumu, agizo moja kadi moja, kisha unazipanga kadi zako na kuilisha. Kwanza huzifasiri kwa lugha yake yenyewe. Halafu huviunga vipande. Halafu ndiyo huviendesha ikakutolea jibu.

Nimesema vipande, na hapo ndipo penye kisa. Hapana mtu anayeandika kazi nzima peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Kazi hukatwa, kila kipande kikawa na shughuli yake moja, na kikishatengemaa huwekwa kabatini, kimefungwa mpira. Mwenye haja hukitoa, akakiunga na chake, akimaliza akakirejesha. Ni kama kinu cha mtaa. Kinu ni kimoja, watwangaji ni wengi, na ukikitoboa wewe leo, kesho unga unamwagika kwa jirani.

Aliyekuwa akinifundisha ni Maalim Zahran. Huyu amesomesha hesabu Unguja miaka na miaka, hata Mama ni mwanafunzi wake. Alikuja huku miaka mitatu kabla yetu, akaanzia stoo ya kampuni, akihesabu mabomba. Mashine ilipokuja, akajifunza pamoja na vijana walio sawa na wajukuu zake, na kwa umri wake wa miaka hamsini na sita wakamcheka, kisha wakaacha kumcheka. Ami yangu alipokataa nisifanye kazi pamoja na wanaume, Maalim ndiye aliyekuja nyumbani, akanywa kahawa vikombe vitatu, akasema, "Mimi namdhamini." Ami akaridhia. Kumbuka neno hilo, mwanangu. Namdhamini.

Jumatatu hiyo akaniwekea mbele yangu bunda la kadi zake. "Haya mwanangu, leo unaunga. Kipande hiki changu hupokea kipimo cha mafuta yaliyomo ndani ya tangi, kikatoa mapipa mangapi. Wewe andika chako, kiite hiki, kitoe orodha ya matangi yote."

"Kikiite vipi?"

"Kwa jina lake. Kwani wewe wakikutaka hukuita vipi?"

"Mara nyingi hawaniiti," nikasema.

Akacheka mpaka akavua miwani. Mie sikuwa nafanya mzaha. Sauti yangu ni ndogo, mwanangu, na ofisini wananiambia nina kasoro ya redio iliyokwisha betri.

Nikaandika, nikatoboa, nikailisha mashine. Ikanitemea karatasi nzima ya makosa, mstari juu ya mstari, na yote yalitokana na mkato mmoja niliousahau katika kadi ya tatu. Machozi yakanilenga. Maalim akaichukua ile karatasi akaisoma kama mtu anayesoma barua ya nduguye.

"Usiichukie," akasema. "Mashine haina haya kama wewe. Ikikuona umekosea inakwambia papo hapo, haikuonei aibu, haikusengenyi. Tengeneza mkato, urudi."

Nikatengeneza, nikarudi. Adhuhuri ilipoadhiniwa, kipande changu kilikuwa kimefasirika safi. Nilifurahi hata nikasahau kula.

Siku ya pili, Jumanne, Maalim alitoa ripoti yake ya asubuhi, kisha akaenda kwenye matangi kutwa nzima. Nikabaki na kazi ya kuviunga vipande viwili na kuviendesha. Vikaungana, vikaenda. Basi nikataka kuhakikisha. Nikabuni kipimo cha kichwani mwangu: futi ishirini na inchi kumi na moja. Jibu likaja. Kisha nikajaribu futi ishirini na moja kamili. Mapipa yakawa machache kuliko yale ya mwanzo! Vipi mafuta yaliyo juu zaidi yawe machache zaidi? Nikafungua bunda la Maalim, nikapitia kadi moja moja, nikaiona. Pahala pa kugeuza inchi kuwa futi, alikuwa amegawa kwa kumi.

Futi moja ina inchi kumi na mbili. Hilo tulifundishwa skuli kabla hatujaota meno ya ukubwani, na aliyetufundisha alikuwa yeye au mwanafunzi wake. Nikasema moyoni, hapana mkamilifu ila Mungu, na leo kosa la Maalim nimeliona mimi.

Sasa sikiliza nilivyowaza, nikwambie bila ya kuficha. Kumwambia Maalim, mtu mzima, kuwa amekosea kugawa? Ulimi wangu haungeweza. Kumwambia mkubwa wa idara, yule Mzungu? Huko ni kumchongea. Basi nikaona njia ya tatu, njia ya adabu. Nikatoboa kadi mpya, gawa kwa kumi na mbili, nikaitia pahala pa ile ya zamani. Ile ya zamani nikaificha ndani ya daftari hili. Bunda nikalifunga mpira, nikalirejesha kabatini kama nilivyolikuta. Mashine ikaifasiri kumi na mbili yangu bila ya kunung'unika, kwani mashine huona mkato uliosahaulika tu. Nia ya mtu haioni.

Nikajiona mwema, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba.

Jumatano asubuhi mkubwa wa idara akatoka chumbani kwake na karatasi mkononi. Kila asubuhi Maalim hutoa ripoti ya matangi kwa kipande kile kile cha kabatini. Mkubwa akasema kuwa matangi mawili hayakuguswa tangu juzi, halikuingia tone wala halikutoka tone, na ripoti inasema mafuta yamepungua. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, maana sote tulisikia.

"Mzee, naona umechoka. Mwisho wa wiki tuzungumze habari ya kukurejesha stoo."

Maalim akasema, "Ntaangalia." Neno hilo moja tu. Akalitia bunda lake ndani ya mkoba, na gari ya saa nane ilipokuja akapanda kwenda kwake Hail, huko pwani. Hakumtazama mtu.

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nikajiambia: ripoti za zamani ndizo mbovu, ya leo ndiyo sawa, wataona wenyewe. Halafu nikajiuliza: ikiwa yangu ndiyo sawa, mbona sisemi? Nikafunga daftari, nikarudi nyumbani.

Nilimkuta Mama anashona kofia. Hiyo ndiyo kazi inayotuweka mjini: mwanamke mmoja hudarizi kifuniko, mwengine hudarizi ukuta wake, na Mama huviunga. Nikamwambia yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaacha sindano katikati ya kitambaa.

"Umeibadilisha kazi ya Maalim Zahran? Maalim wangu mie?"

"Nilikuwa namsitiri, Mama."

"Unamsitiri kwa kumchimbia shimo? Mie nikiletewa kifuniko nikakiona kikubwa, huwa nakikata kimyakimya? Siku ya kuunga ukuta hautokaa, na lawama iende kwa nani? Namrejeshea mwenyewe, nnamwambia, shoga, kipimo chako kipi? Mara nyengine yeye ndiye kakosea. Mara nyengine mie ndiye sikujua kichwa cha nani kitavaa." Akainuka. "Lete buibui langu."

"Wapi, Mama?"

"Hail. Na wewe mdomo wako uanze kuupasha moto tangu sasa."

Akafunga visheti ndani ya kitambaa, akisema mkosefu haendi mikono mitupu, na tukapanda gari ya zamu ya alasiri inayopita huko. Njia nzima nilitunga maneno, na kila gari iliporuka kwenye mchanga maneno yakamwagika.

Nyumba ya Maalim ni ya makuti ya mtende, karibu na pwani. Mkewe, Bi Zuwena, alitupokea mlangoni, akamwambia Mama kwa sauti ya chini, "Tangu arudi hajala. Anasema akili yamtoka. Mwambie kitu wewe, mimi hanisikii."

Maalim alikuwa amekaa juu ya mkeka, kadi zake amezitandaza mbele yake mstari mmoja mrefu. Alikuwa akiinua moja moja, akiitazama kwenye mwanga wa dirisha, akiisoma tundu kwa tundu. Alipotuona akatabasamu, akataka kuinuka, Mama akamzuia.

"Karibuni, karibuni. Mwanangu Salma, njoo unisaidie macho. Tazama kadi hii. Inasema nini?"

Nikatazama. Nilijua inasema nini. "Kumi na mbili, Maalim."

"Kumi na mbili." Akaiweka chini polepole. "Nami nakumbuka niliandika kumi. Nakumbuka na siku yenyewe, nakumbuka shati nililovaa. Lakini kadi hii hapa, na kadi haisemi uongo. Basi ni mie. Baba yangu alianza hivi hivi, alikuwa akisahau vitu vidogo, mwisho akatusahau na sisi." Akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Mkubwa ana haki. Mtu asiyejua mkono wake umeandika nini, arudi stoo akahesabu mabomba. Na huko pia wamchunge."

Mwanangu, mimi nilidhani ninakwenda kuungama kosa la hesabu. Sikujua kuwa nimemwibia mtu imani ya kichwa chake mwenyewe. Mama hakunisukuma, hakunikonyeza. Alikunja mikono akatazama ukuta wa makuti, akaniacha peke yangu na kinywa changu.

Nikafungua daftari, nikaitoa ile kadi ya zamani, nikaiweka juu ya mkeka mbele ya magoti yake.

"Maalim, hii ndiyo yako. Ile ya kumi na mbili niliitia mimi. Jumanne. Nilidhani umekosea, na nikaona haya kukwambia."

Sauti ilitoka. Bi Zuwena alisikia mpaka jikoni, kwani alisita na birika la kahawa mkononi.

Maalim aliinua kadi yake kwenye mwanga. Akaisoma mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili. Kisha akaiweka kifuani, akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Basi si mie." Machozi yakamtoka, hakuyapangusa, na Mama naye akashika ncha ya buibui lake.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe hapo ndipo alipoanza.

"Salma, katika karatasi za matangi, ulishaona pahala baada ya futi pameandikwa kumi, au kumi na moja?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimezitoboa karatasi zile wiki nzima. "Hapana, Maalim."

"Hapana, kwa sababu kamba ya kupimia matangi haina inchi. Futi yake imegawiwa mafungu kumi. Baada ya tisa inakuja futi nyengine. Hizo kumi na moja zako ulizitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani. Basi ungenijia ukaniuliza, Maalim, mbona kumi? Ningekujibu kwa maneno manne, tukanywa chai. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni huu wa kuamua." Hakupandisha sauti. "Lakini hesabu nakusamehe, hesabu mtu hukosea. Lililoniuma ni jengine. Umeniona nimekosea, ukaninyamazia kama mtu anavyomnyamazia mgonjwa mahututi. Umenistahi mbele ya watu, ukanihukumu nyuma yangu. Ile si heshima. Ile ni kunizika, tena kwa sanda nzuri. Mimi ukiniheshimu, nambie kuwa nimekosea. Nikiwa nimekosea kweli, utakuwa umeniokoa. Nikiwa sikukosea, nimekufundisha. Sasa tazama: umenyamaza, hukuniokoa, na hukujifunza."

Nilikuwa nalia, na kila nilipofuta nikajipaka wino wa daftari usoni. Bi Zuwena akaniambia, "Acha kujipaka, utarudi Maskati kama bibi harusi aliyekosewa wanja."

"Utanisemea kwa mkubwa, Maalim?" nikauliza.

"Sikusemei."

"Atanifukuza. Ami hatoniruhusu tena."

"Huenda. Mimi nilikudhamini kuingia. Kusema sikukudhamini, huko kila mtu hujidhamini mwenyewe." Kisha akanyoosha mkono kwenye visheti, akatafuna kimoja, akakunja uso. "Mama Salma, visheti vyako ni vigumu."

"Vigumu kama kichwa cha mwanangu," akasema Mama. "Endelea kutafuna, mwisho hulainika."

Wakacheka wote watatu, na mie nikacheka katikati ya kilio, na Maalim akala. Alikula visheti vinne. Nilivihesabu.

Basi mwanangu, wewe ambaye sijui hata sura yako, hili ndilo ninalokuachia. Ukikuta kazi ya mtu na ukaiona ina kasoro, usiiguse mpaka umjue aliyeifanya aliifanya kwa nini. Nenda kwake, kaa chini, muulize kwa adabu, lakini muulize. Usione kuwa umri wake unamfanya asikosee, wala usione kuwa ukimya wako unamkinga. Ukilazimika kugeuza kitu wanachokitumia wengi, hata kiwe kidogo kama kadi moja, kigeuze mchana, mwenyewe akijua, na uweke jina lako juu yake. Kwani geuzo lisilo na mwenyewe humwangukia asiyelijua. Wala usiniige mimi kwa kuiita haya yangu adabu. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami naongeza, kwa udogo wangu: mficha kosa la mwenzake humzalisha huyo mwenzake balaa. Na siku utakayokosea, mwanangu, maana utakosea tu, kimbilia kwa uliyemkosea kabla hajaanza kujishuku mwenyewe. Kila saa unayochelewa wewe, yeye anailipa.

Mola akupe ulimi utakaofika pale moyo wako ulipokwisha fika. Akupe wakubwa watakaokukemea na kukulisha siku ile ile. Asikujaalie kamwe kuwa sababu ya mtu mzima kukitilia shaka kichwa chake. Amin.

Asubuhi yake, Alkhamisi, niliingia ofisini saa moja kasorobo, kabla ya Maalim. Nilikuwa nimelichukua bunda lake kwa idhini yake. Nikairudisha kadi ya kumi pahala pake. Nikatoboa kadi nyengine moja ya kuwekwa juu kabisa, isiyoiamrisha mashine kitu, ya kusomwa na watu tu, ikisema kuwa kipimo ni cha mafungu kumi, na kuwa tarehe fulani kipande hiki kiligeuzwa na kikarejeshwa, na nani. Nikailisha mashine. Ikafasiri, ikaunga, ikaendesha. Matangi yale mawili yakatoka kama yalivyokuwa juzi, pipa kwa pipa.

Nikaichukua karatasi, nikaenda kwenye mlango wa mkubwa wa idara, nikabisha. Mara ya kwanza hakusikia. Nikabisha tena. Nikaingia, nikasimama mbele ya meza yake, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha skuli kuwa Maalim Zahran hakukosea, aliyekosea ni mimi, na namna nilivyokosea ni hii. Aliweka kikombe chake chini. Alinitazama kama mtu anayeona kabati limezungumza. Kisha akavuta karatasi, akashika kalamu, akaniuliza jina langu linaandikwaje, na sikujua anataka kuliandikia nini.

Nikamtajia, herufi moja moja, kwa sauti.